Sifuri ya Nkwabi

Sifuri ya Nkwabi Lugendo ilipimwa siku ya Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, miaka miwili na miezi minne kabla ya barua kufika. Aliyeipima alikuwa Subilaga. Kwenye fomu kuna nafasi ya maelezo ambayo kwa kawaida huachwa wazi. Siku hiyo aliandika humo maneno mawili: amepanda ngazi.

Alikuwa ameyasahau kabisa. Barua ndiyo iliyomrudisha kwayo.

Ilitoka makao makuu, nayo ilikuwa fupi. Vituo vingine vitatu vya anga vilikuwa vinafungiwa mfumo uleule wa kituo chao cha Kilimatinde, na vilihitaji kigezo: kichwa kimoja ambacho vichwa vingine vingepimwa kwa kulinganishwa nacho. Waliokaa kikao walipitia kumbukumbu za waongozaji wote wa ndege, wakamchagua Nkwabi. Mpimaji aandae jalada lake kufikia Ijumaa.

Subilaga alianza na ukurasa wa kwanza, kama alivyozoea. Jina. Umri, miaka thelathini na minne. Macho, sawa. Mapigo ya moyo akiwa amepumzika, tisini na sita kwa dakika.

Akasoma tena. Kisha akashuka hadi kwenye maelezo, akaona mwandiko wake mwenyewe.

Kila mwongozaji wa kituo kile alivaa utepe mwembamba kwenye paji la uso. Utepe ulisoma damu na umeme wa kichwa, kamera ndogo ikasoma mboni za macho, na vyote vikatoa namba moja, kuanzia sifuri hadi tisini na tisa. Namba ile haikupima uchovu wenyewe. Ilipima umbali kati ya mtu wa sasa na mtu huyohuyo siku aliyokuwa ametulia. Siku hiyo ya utulivu ndiyo iliyoitwa siku ya sifuri. Mtu alitakiwa kulala usiku mbili mfululizo, asiwe mgonjwa wala na mgonjwa, kisha akae kwenye kiti dakika arobaini bila kufanya kitu.

Nkwabi hakuwa amelala. Mke wake alikuwa amejifungua mapacha kabla ya wakati, na kwa siku tatu alikuwa akishinda na kukesha kwenye benchi la wodi.

"Dada Subi, niandikie tu," alikuwa amesema, akivua koti. "Nikiikosa leo nangoja miezi sita. Hii kazi ndiyo itakayowalea."

Subilaga alimtazama, akamhurumia. Mashine iliuliza sababu ya mapigo kuwa juu. Chumba cha vipimo kilikuwa chini, mlango wa pili kutoka getini, na Nkwabi hakuwa amepanda ngazi yoyote.

*

Saa nne, Jumatatu hiyohiyo ya barua, Subilaga alimkuta Nkwabi kwenye chumba cha chai, akiwa na Chilongani, mwongozaji wa sekta ya jirani, aliyekuwa na mdomo mrefu kuliko zamu zake.

"Mheshimiwa Arobaini!" Chilongani alikuwa akisema. "Nimesikia kichwa chako kinatolewa nakala. Watuachie basi hata masikio."

"Masikio chukua. Yameshasikia makelele yako, hayana kazi tena."

"Hebu sema ukweli, kaka. Mwenzako jana nilifika sitini na nane na ndege tisa, jasho mpaka kwenye soksi. Wewe na ndege kumi na nne unasoma thelathini na tisa. Unaweka nini humo kichwani? Barafu?"

"Uji wa ulezi. Mke wangu anapika mzito."

Wakacheka. Chilongani akaosha kikombe chake, akatoka. Nkwabi alitia sukari vijiko viwili kwenye chai, akakoroga, akatazama dirishani. Kisha akatia vijiko viwili tena.

Subilaga aliona.

"Dada," Nkwabi alisema bila kugeuka, "wewe uliongoza ndege kabla ya kuwa mpimaji."

"Miaka kumi na mmoja. Tepe zilikuja mwishoni."

"Ulipokuwa unasoma arobaini, ulikuwa unajisikiaje?"

Subilaga alifikiri, kwa sababu swali lilistahili kufikiriwa. "Arobaini ni pazuri. Unafanya kazi lakini upo. Birika likichemka chumba cha pili unalisikia. Unakumbuka umeacha nguo kwenye kamba."

Nkwabi akageuka kutoka dirishani.

"Mimi nikiwa arobaini," alisema, "mtu akiniita jina langu silisikii. Nikirudi nyumbani nakaa kwenye gari hapo nje, dakika ishirini, thelathini. Watoto wanagonga kioo." Akacheka. "Nilidhani wote mko hivyo, ila hamlalamiki. Nikasema, mwanaume gani analalamika kwa arobaini?"

Akanywa chai yenye vijiko vinne vya sukari, na uso wake haukuonyesha kwamba ni tamu.

Kengele ya zamu ikalia. Alikuwa ameshafika mlangoni Subilaga alipofungua mdomo, na akaufunga.

*

Msimamizi, Bi. Ndekirwa, alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu wa kusikiliza. Alisoma fomu, akaiweka mezani na kuipangusa kwa kiganja kana kwamba ilikuwa na vumbi.

"Kwa hiyo sifuri yake si sifuri."

"Sifuri yake ni mtu ambaye hajalala siku tatu, na watoto wake wako kwenye chupa za joto wodini," Subilaga alisema. "Namba inaanzia hapo. Akisoma arobaini, kwa kweli anaweza kuwa themanini na zaidi. Na mgawaji anaamini namba."

Mgawaji ndilo jina walilolipa tumbo la mfumo. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza. Mipaka ya sekta za anga haikuwa mistari ya kudumu tena. Ilisogea siku nzima, sentimita kwa sentimita kwenye skrini, kuondoka kwa aliyelemewa na kuelekea kwa aliye na nafasi. Mgawaji alijua kwamba idadi ya ndege si kitu peke yake. Ndege kumi zilizofuatana kwenye njia moja ni kazi nyepesi kuliko nne zinazokatana, moja ikipanda, moja ikishuka, na nyingine ikikwepa wingu. Alipima makutano hayo yote vizuri sana. Kisha alitafuta kichwa chenye nafasi, na kwa miaka miwili kila fundo gumu la anga ya kati lilikuwa limeteleza taratibu kuelekea kwenye meza moja.

"Na amelibeba," Bi. Ndekirwa alisema. "Hajakosea hata mara moja."

"Hajakosea."

"Sheria unaijua. Sifuri ikiharibika, mwenye nayo anakaa nje mwaka mzima, na aliyeipima anaachishwa kazi. Hiyo ya kwako sisemi, umeileta mwenyewe. Lakini yeye ana kosa gani? Na masika ndiyo haya. Nikimtoa Nkwabi leo, mzigo wake nampa nani? Chilongani?" Alisimama, akaenda dirishani. Ng'ambo ya ukuta bonde la chini lilikuwa tayari limeanza kuwa la buluu kwa mawingu. "Wiki tano, Subilaga. Masika yapite. Jalada nitalichelewesha, nitasema mashine mbovu. Kichwa kilichovumilia miaka miwili kitavumilia wiki tano."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sekta tano na watu watano.

Subilaga akasema sawa.

*

Mvua ilifika Alhamisi, saa nane mchana. Ilianza upande wa magharibi kama mawingu matatu yaliyoachana, na kufikia saa nane na nusu yalikuwa yameshikana mikono. Marubani walianza kuomba njia nyingine, mmoja mmoja, kisha wote kwa pamoja.

Subilaga alikuwa juu, kwenye ukumbi wa rada, akidai anakagua tepe. Alikwenda kusimama nyuma ya Nkwabi.

Zamani hii ilikuwa desturi. Aliyemaliza zamu alisimama mgongoni kwa mwenzake dakika tano, kimya, mpaka mwenzake aishike picha yote ya anga kichwani. Mgawaji aliifuta, kwa sababu vichwa viwili kwenye sekta moja vilimchanganya hesabu. Lakini miguu ya Subilaga ilikumbuka mahali pa kusimama.

Ukutani juu ya Nkwabi namba ilisoma arobaini na moja. Kwenye skrini ndege zilikuwa kumi na saba. Mpaka wa sekta yake ulikuwa umevimba upande wa Chilongani, na uliendelea kusogea.

Subilaga hakuitazama sana skrini. Alitazama vizibo.

Kila mwongozaji alikuwa na ukumbusho wake. Zilipokuwepo karatasi za ndege, kila ndege na kikaratasi chake mezani, mtu aliinamisha karatasi ya ndege aliyoiahidi kitu. Karatasi zilipoondoka, Chilongani alianza kufunga mafundo kwenye kamba ya kiatu, na Nkwabi akaleta vizibo vya soda, vimepangwa ukingoni mwa meza, kila kimoja kwa ndege moja. Rubani akiomba jambo na Nkwabi akimjibu "subiri, nitakurudia," kizibo kiligeuzwa tumbo juu. Akimrudia, kizibo kililazwa tena kifudifudi. Vizibo havikuunganishwa na mashine yoyote. Siku ya kawaida viwili au vitatu vilikuwa tumbo juu.

Subilaga alihesabu kumi na kimoja.

"Zumaridi Mia Mbili, panda futi elfu thelathini na tano," Nkwabi alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Korongo Tatu Moja, subiri, nitakurudia."

King'ora cha mgongano kililia, kikanyamaza, kikalia. Kilikuwa kikilia hivyo kwa nusu saa nzima, mara nyingi kwa mambo yaliyokwisha kutatuliwa, na Nkwabi alikuwa amekipunguza sauti kama wote walivyofanya. Alinyoosha mkono kugusa skrini. Kiwiko chake kikasukuma kizibo cha mwisho, nacho kikaanguka.

Hakuona.

Subilaga akainama akakiokota. Kilikuwa kizibo cha machungwa, kimepinda kidogo. Kwenye meza kulikuwa na nafasi tupu, lakini hakujua ni ya ndege gani. Aliyejua alikuwa mtu mmoja tu duniani, na huyo alikuwa anazungumza na rubani mwingine.

Kumgusa bega kungemkatisha. Alijua kwa miaka kumi na mmoja ya kukaa kwenye kiti kile: picha ya anga hukaa kichwani kama maji kwenye kiganja. Angeweza kwenda chini kwenye mashine yake akarekebisha sifuri, na namba ingeruka papo hapo hadi tisini. Mgawaji angezinyakua ndege zote kumi na saba kwa pigo moja na kuwatupia wengine, ambao hawakuwa wamezitazama hata sekunde. Chilongani alikuwa ameshafika sitini na saba.

Kulikuwa na njia ya tatu. Msimamizi angeweza kufunga mlango: hakuna ndege mpya kuingia sekta ile, zilizo nje zizunguke hukohuko. Kitasa chekundu kilikuwa kwenye meza yake. Sheria iliruhusu kukivuta pale tu namba ya mwongozaji ilipovuka sabini.

Arobaini na mbili, ukuta ulisema.

Ndani ya ukumbi ule kila neno lilirekodiwa. Subilaga aligeuka kumtazama Bi. Ndekirwa, aliyekuwa mita sita nyuma yao, naye akasema kwa sauti ya kutosha kufika, si zaidi:

"Namba ya Nkwabi si ya kweli. Nimeiharibu mimi siku ya kuipima. Amelemewa. Funga mlango."

Chilongani aligeuza kichwa nusu, akakirudisha kwenye skrini yake. Bi. Ndekirwa alitazama ukuta. Namba ilikuwa ya kijani, rangi ya mambo mazuri. Akamtazama Subilaga, na katika sekunde hizo mbili huenda aliziona wiki zake tano zikipita moja baada ya nyingine.

Akavuta kitasa.

Mpaka wa sekta ukasimama. Ndege tatu zilizokuwa mlangoni zilianza kuzunguka nje, kila moja ikilalamika kwa adabu.

Kama Nkwabi alisikia, hakugeuka. Sikio lake moja lilikuwa wazi, nje ya kisikilizio. Alimaliza sentensi aliyokuwa akimwambia rubani, akavuta pumzi, na katika pumzi hiyo, ya kwanza kwa dakika thelathini ambayo hakuna aliyekuwa akimwita, Subilaga aliweka kizibo mbele yake, tumbo juu.

Nkwabi alikitazama. Sekunde moja. Ya pili. Mkono wake ulikwenda kwenye nafasi tupu ukingoni mwa meza, ukaipapasa.

"Zumaridi Mia Mbili," alisema, "acha kupanda. Baki elfu thelathini na tatu. Narudia, baki thelathini na tatu."

"Tunabaki thelathini na tatu, Zumaridi Mia Mbili."

"Korongo Tatu Moja, samahani, nimekuweka. Endelea hapohapo thelathini na tano. Dakika mbili nakushusha."

"Hamna shida, Kilimatinde. Huku kunatikisika ila tupo."

Ndege mbili, ambazo zingekutana kwenye thelathini na tano, zilipishana juu ya bonde, moja juu ya nyingine, kwa nafasi inayotakiwa na kanuni. Ndani ya mojawapo huenda mtu alikuwa anafungua karanga. Nkwabi akakilaza kizibo cha machungwa kifudifudi. Kisha kilichofuata. Kisha kingine. Ilimchukua dakika kumi na tisa kuvilaza vyote, na Subilaga alisimama mgongoni kwake mpaka cha mwisho.

*

Siku kumi na mbili baadaye Subilaga alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha vipimo. Kadi yake ya mlango ilikuwa imekwisha chukuliwa. Mlinzi alimruhusu kukaa pale kwa sababu alimjua. Ndani, mpimaji aliyetumwa kutoka makao makuu alikuwa akipima sifuri ya Nkwabi upya, baada ya usiku tisa nyumbani kwake. Jalada la kigezo lilikuwa limerudishwa. Bi. Ndekirwa alikuwa ameandika barua ya maelezo ya kuvuta kitasa kwa namba ya kijani, na hakuna aliyekuwa ameijibu. Ndege nyingi zilikuwa zinapita njia ya kusini, safari ndefu zaidi, watu wakichelewa.

Nkwabi alitoka saa tano, na karatasi mkononi. Alikaa upande wa pili wa benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Ulijua tangu lini?"

"Jumatatu ile. Kabla hatujakutana kwenye chai."

"Na ukaninyamazia mpaka Alhamisi."

"Ndiyo."

"Siku ya sifuri yenyewe, je? Hukujua?"

"Nilijua hujalala. Sikujua ingekuwa hivi. Nilidhani nakusaidia."

Nkwabi alitikisa kichwa taratibu. Hakikuwa kichwa cha kusamehe wala cha kukataa. "Nami niliomba," alisema. "Hilo sitalikimbia." Akaikunjua karatasi juu ya goti. "Moyo wangu unapiga hamsini na nane, unajua? Nikamwambia yule bwana arudie, labda mashine imekufa."

Mpimaji alikuwa amechukua sifuri mpya na kuisomea upya miaka miwili yote. Siku za kawaida, zile ambazo Chilongani aliziita za barafu, zilikuwa themanini na moja, themanini na sita, themanini na tatu. Alhamisi ya mvua ilikuwa tisini na tisa kutoka saa nane na ishirini mpaka mwisho, mstari ulionyooka, kwa kuwa mashine haikuwa na namba ya zaidi.

Nkwabi alipitisha kidole juu ya namba zile, moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu.

"Mwaka mzima nje," Subilaga alisema. "Nimewaandikia kwamba kosa ni langu. Sijui kama watasikia."

Kidole cha Nkwabi kilikuwa kimesimama kwenye themanini na sita.

"Siku hii nilimfokea mke wangu kwa ajili ya chumvi," alisema. "Nikalala sebuleni, najiuliza mimi ni mtu wa namna gani. Arobaini tu, na nimekuwa hivi." Akakiondoa kidole. "Kumbe nilikuwa nachoka."

Alisema vile bila uchungu, kwa mshangao mdogo. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa shati.

"Vizibo vyangu bado viko juu?"

"Viko. Chilongani hataki mtu aviguse."

"Ngoja nikavichukue. Watoto watavichezea."

Akasimama, akaenda mpaka mwisho wa korido, akashika ubao wa kushikia, akapanda ngazi.